Mtoto aliyevimba miguu hajanenepa

Kuna sifa ambayo mzazi yeyote hufurahi kuisikia: "Mwanao kanawiri siku hizi, ona mashavu!" Mara nyingi ni sifa ya kweli. Mtoto amekula, ameshiba, amenona. Lakini wauguzi wa wodi za watoto wanamjua na mtoto wa namna nyingine. Mashavu yamejaa, miguu imetuna mpaka kandambili za mwezi uliopita hazimwingii, lakini akivuliwa fulana mkono wa juu umekwisha na mbavu zinahesabika. Nywele zimekuwa laini na nyekundunyekundu. Hachezi, hataki chakula, akiguswa analia kidogo kwa hasira kisha ananyamaza. Nyumbani walikuwa wakisema ananenepa.

Kutofautisha unene na uvimbe huo hakuhitaji mashine. Mpakate mtoto, shika miguu yote miwili, bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya juu ya kila mguu, kati ya vidole na kifundo. Hesabu taratibu hadi tatu, achia. Nyama na mafuta hurudi mahali pake hapohapo. Maji hayarudi upesi: kidole kinaacha kishimo, kama alama ya kidole kwenye donge la unga wa chapati. Kishimo kikiwa kwenye mguu mmoja tu, pengine ni jeraha, jipu au ameumwa na mdudu. Kikiwa kwenye miguu yote miwili kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza uvimbe huo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamhesabu kuwa na utapiamlo mkali. Haijalishi mizani inasema nini, wala kama utepe wa kupima mkono haujafika kwenye rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5.

Hapo penye mizani ndipo wazazi wengi wanapokwama. Maji yana uzito, lita moja ni kilo moja. Mtoto anaweza kuwa anapoteza misuli na mafuta huku mwili ukijaa maji, na mstari kwenye kadi ya kliniki ukabaki palepale au hata ukapanda. Mama anatoka kliniki ameridhika, na hana kosa lolote, maana kadi ndiyo iliyomwambia hivyo.

Swali linalofuata ni maji hayo yametoka wapi. Wengine hudhani ni maji aliyokunywa mengi, wengine gesi, wengine "damu chafu". Kwa kweli ni maji ya kwenye damu yake mwenyewe. Yametoka nje ya mishipa kama yanavyotoka kila siku kwa kila mtu. Safari hii hayakurudi.

Kuta nyembamba kuliko karatasi

Moyo ukisukuma damu, hupita kwanza kwenye mishipa minene, ile inayodunda ukishika kiganja cha mkono karibu na kidole gumba. Mishipa hiyo hugawanyika ikawa midogo, na midogo zaidi, mpaka ifike kwenye vishipa vinavyoitwa kapilari. Kapilari ni nyembamba hasa. Upana wake unalingana na chembe nyekundu moja ya damu, takribani sehemu nane za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Chembe hizo hupita humo kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye uchochoro usiopitisha wawili. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara kumi hivi kuliko uchochoro huo.

Kwa udogo huo, si ajabu kwamba vilichelewa kujulikana. Daktari Mwingereza William Harvey aliandika mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, lakini hakuweza kuonyesha inavukaje kutoka mishipa inayoipeleka kwenda kwenye ile inayoirudisha. Mwaka 1661 Mtaliano Marcello Malpighi alitazama mapafu ya chura kwa hadubini akaviona vishipa vinavyounganisha pande mbili hizo.

Hapo kwenye kapilari ndipo kazi yote ya damu inapofanyika. Mishipa minene ni barabara tu. Hakuna mzigo unaoshushwa njiani. Ukuta wa kapilari ni tabaka moja la seli bapa, na kati ya seli na seli kuna vipenyo. Oksijeni haihitaji hata vipenyo hivyo, hupenya moja kwa moja ikitoka kwenye damu, iliko nyingi, kwenda kwenye tishu, iliko kidogo, kama harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inavyohama yenyewe kutoka jikoni hadi kwa jirani bila kupulizwa na mtu. Hewa ya ukaa hufanya safari hiyohiyo kinyume. Sukari, chumvi na maji hupita kwenye vipenyo. Protini za damu ni kubwa mno kupita kwa urahisi, nyingi hubaki ndani.

Aliyewahi kukamua nazi kwa kifumbu anaijua picha hii. Mkono unaminya, tui linatoka, machicha yanabaki. Kwenye kapilari mkono unaominya ni presha ya damu, tui ni maji yenye sukari, chumvi na virutubisho vingine vidogo, na machicha yanayobaki ni chembe za damu na protini. Maji hayo yanayotoka ndiyo yanayooga seli za misuli, ngozi na maini, yakizifikishia chakula na kupokea taka.

Lakini kama maji yanaminywa nje muda wote, mbona mtu hakauki damu akavimba mwili mzima kufikia jioni? Mtu mzima ana takribani lita tatu tu za majimaji ya damu, ukiondoa chembe, na maji yanayotoka na kurudi kwa siku moja yanazidi kiasi hicho. Bila njia ya kurudi, damu ingebaki tope.

Njia ya kurudi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile protini iliyobaki ndani, hasa moja iitwayo albumini, inayotengenezwa na ini. Mwenye kutengeneza kachumbari amewahi kuona: nyunyizia nyanya na vitunguu chumvi, kaa dakika chache, bakuli linajaa maji ambayo hakuna aliyeyamwaga. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya mboga. Albumini nayo huvuta maji kuelekea iliko yenyewe, yaani ndani ya mshipa. Mwingereza Ernest Starling alieleza mwaka 1896 kwamba kila kapilari ni mahali pa mashindano ya nguvu hizi mbili, presha inayosukuma nje na protini inayovuta ndani. Vitabu vya shule hutoa tarakimu: presha ya 120 kwa 80 anayopimwa mama mkononi huwa imeshuka hadi 35 hivi damu inapoingia kwenye kapilari, na 15 hivi inapotoka, wakati mvuto wa protini ni kama 25. Mwanzoni msukumo unashinda, mwishoni mvuto unashinda.

Sehemu ya pili ni mishipa ya limfu, ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia ingawa tezi zake huzipapasa shingoni na kwenye kinena kila wanapougua. Hii ni kama mifereji ya maji ya mvua. Huzoa maji yaliyobaki kati ya seli, pamoja na protini chache zilizopenya, ikayarudisha kwenye mishipa mikubwa ya damu karibu na shingo. Utafiti wa miaka ya karibuni umeipa limfu heshima zaidi kuliko vitabu vya zamani: katika sehemu nyingi za mwili maji mengi yanarudi kwa njia hii, na kazi kubwa ya albumini ni kuyazuia yasitoke kupita kiasi.

Kwa hiyo mwili ukivimba maji, kuna kitu kimeharibika katika mpango huu. Pengine msukumo umezidi, kama kwa mgonjwa wa moyo au mtu aliyekaa kwenye basi kutoka asubuhi hadi usiku. Pengine mvuto umepungua kwa sababu albumini imepungua. Pengine vipenyo vimepanuka, kama pale nyuki anapouma mdomo ukatuna ndani ya dakika chache. Au mfereji umeziba: ugonjwa wa matende unaojulikana sana ukanda wa pwani ni minyoo waliokaa ndani ya mishipa ya limfu wakaiharibu, na mguu ukabaki na maji yake.

Kubemendwa na jina lililotoka Ghana

Mtoto wa mwanzo wa makala haya, mwenye mashavu mazima na mkono uliokwisha, ana unyafuzi, ambao mitaani huitwa kwashakoo. Jina hilo limesafiri. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifanya kazi Gold Coast, nchi inayoitwa Ghana leo, akauandika ugonjwa huu mwaka 1933. Mwaka 1935 aliuita "kwashiorkor" kwenye jarida la kitabibu la Uingereza, na hakulibuni neno hilo. Alilipokea kutoka kwa akina mama wa kabila la Waga, ambao kwao lilikuwa na maana ya ugonjwa unaompata mtoto mdogo wake anapozaliwa, yaani mtoto aliyeondolewa ziwani.

Akina mama hao waliona jambo la kweli. Mtoto akiacha kunyonya ghafla, na kinachofuata ni uji mweupe wa mahindi au muhogo peke yake, hupoteza chanzo chake kikuu cha protini na virutubisho vingine vingi kwa siku moja.

Huku kwetu jambo hilohilo lilipewa maelezo mengine. Inasemwa mtoto "amebemendwa": wazazi walikutana kimwili wakati mama ananyonyesha, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na mtoto akadhoofika kwa sababu hiyo. Wahenga waliojaribu kulinda nafasi kati ya mtoto na mtoto huenda walikuwa na nia njema. Ila maneno hayo yanafanya kazi gani leo? Yanamfanya mama amfunike mtoto kwa khanga asionekane, achelewe kwenda kituo cha afya kwa hofu ya macho ya watu, na kuanzia kwa mganga. Mama mkwe anamtazama mkwewe kwa jicho la mashtaka. Baba naye anaulizwa alikuwa wapi. Wakati huo mtoto, ambaye kesi hii inasemwa ni yake, anazidi kuvimba. Maji kwenye miguu yake hayana habari ya nani alilala na nani, na maziwa ya mama hayaharibiki kwa tendo la ndoa.

Hata mashtaka ya pili, kwamba mama alimnyima mtoto chakula kizuri, ni mepesi kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa mafupi: protini haitoshi, ini halina malighafi ya kutengeneza albumini, mvuto unapungua, maji yanabaki nje. Kwa kweli albumini ya watoto hawa huwa chini. Lakini mwaka 1982 daktari Michael Golden, aliyekuwa akiwatibu watoto Jamaika, alionyesha kwamba uvimbe ulikuwa unakauka kabla albumini haijapanda, tena kwa chakula chenye protini kidogo. Nchini Malawi watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2013 walifuatilia mapacha wanaolelewa nyumba moja na kulishwa chakula cha namna moja, wakakuta pacha mmoja anapata unyafuzi na mwenzake hapati. Wakaona tofauti kwenye bakteria wa matumbo yao. Maambukizi ya mara kwa mara, kuharisha, upungufu wa virutubisho vinavyolinda kuta za seli, vyote vinahusishwa. Chakula duni ndicho kinachoandaa uwanja, ila hakuna anayeweza kumtazama mtoto mmoja aliyevimba akasema kwa uhakika ni kijiko gani kilichokosekana.

Kidonge cha kukojosha

Kosa la hatari zaidi linafanyika dukani. Mtoto amevimba maji, kwa hiyo mtu mzima mwenye nia njema anakwenda duka la dawa kuomba "dawa ya kutoa maji". Kidonge cha kukojosha kipo, ni cha bei nafuu, na bibi mwenye presha au ugonjwa wa moyo huenda anacho kabatini. Mantiki inaonekana haina dosari.

Sasa irudie njia ya maji. Yaliyomvimbisha mtoto yapo nje ya mishipa, kati ya seli. Kidonge hakifiki huko kuyachota. Kinachofanya ni kuziamuru figo zitoe maji na chumvi kutoka kwenye damu, na damu ya mtoto huyu ndiyo iliyokwisha kupungukiwa maji. Kinatoa pia potasiamu, madini ambayo mtoto mwenye utapiamlo mkali anayo machache na moyo wake unayahitaji ili upige sawasawa. Mtoto anaweza kuonekana amepungua uvimbe kidogo na papo hapo akawa ameingia kwenye hatari ya kifo. Ndiyo maana miongozo ya tiba inakataza kabisa dawa za kukojosha kwa uvimbe wa utapiamlo. Hata dripu, ambayo ndugu wengi wakifika hospitali huidai kwa sauti, kwa watoto hawa hutolewa kwa tahadhari kubwa na kwa sababu maalumu tu, kwa kuwa moyo uliodhoofika haumudu maji yanayomiminwa ghafla.

Tiba yenyewe huwashangaza wazazi. Mtoto aliyelazwa haanzi kwa mayai, nyama na supu. Anaanza kwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye protini kidogo, kiasi kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, pamoja na dawa za kuua bakteria. Ini, figo na moyo wake vimekuwa vikifanya kazi kwa kubana matumizi, na vikipewa mlo mzito kwa mara moja vinaelemewa. Shangazi anayeingiza wodini supu ya kuku kwenye hotpoti, akimnywesha mtoto muuguzi akigeuka, anafanya hivyo kwa upendo lakini anamwongezea mtoto mzigo. Uvimbe ukianza kukauka na hamu ya kula ikirudi ndipo anapandishwa kwenye maziwa mazito zaidi au chakula dawa, ile pakiti yenye mchanganyiko wa karanga, maziwa, mafuta na virutubisho. Mtoto ambaye uvimbe wake ni mdogo, hana ugonjwa mwingine na bado anakula vizuri anaweza kupewa pakiti hizo akatibiwa akiwa nyumbani, akirudi kliniki kila wiki.

Jambo moja zaidi ambalo wahudumu hawana muda wa kulieleza kwa kila mama: siku za mwanzo uzito wa mtoto utashuka. Mama aliyeleta mtoto wa kilo tisa anaona mizani inasoma nane na kitu, anaamini anauawa, na wengine huomba kuondoka. Kinachopungua ni yale maji yanayorudi kwenye mishipa na kutolewa na figo kwa wakati wake. Uso unakuwa mdogo, miguu inakonda, mtoto anaonekana mbaya kuliko alipoingia. Dalili nzuri ya siku hizo iko kwenye uso kuliko kwenye mizani: anatazama watu, anataka kushika kijiko, siku moja anacheka.

Nyumbani, kinga haihitaji fedha za kutisha, ingawa inahitaji kuacha mazoea fulani. Maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha kunyonya kuendelee pamoja na chakula hadi miaka miwili au zaidi. Uji uwekewe dagaa waliosagwa, maharage, karanga safi zisizo na ukungu, yai au maziwa. Ule unga unaosifiwa sokoni kwa kuwa na "nafaka saba" haujamwongezea mtoto sana: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mchele, ngano na shayiri ni ndugu wa ukoo mmoja. Nafaka moja na kiganja cha dagaa vinamfaa kuliko mkutano wa nafaka.

Macho yaliyovimba asubuhi

Si kila mtoto aliyevimba ana unyafuzi. Yupo anayekula vizuri, ana miaka mitatu au minne, anaamka asubuhi macho yametuna kama aliyelia usiku kucha, na ikifika jioni uso umepungua lakini soksi zimeacha alama nzito miguuni. Mama anadhani ni mzio au mbu. Maji yanafuata mlalo wa mwili: usiku yanakaa usoni, mchana yanashuka. Kwa mtoto huyu ini linatengeneza albumini ya kutosha, ila chujio la figo limelegea na protini inatoka na mkojo. Figo huchuja damu kwa kapilari za pekee, na kazi yao mojawapo ni kuzuia protini isipite. Mkojo wake hutoa povu jingi kama lililopigwa sabuni. Kipimo ni kijiti kinachochovywa kwenye mkojo kikabadilika rangi, na zahanati nyingi zinacho kwa ajili ya wajawazito. Watoto wengi wenye tatizo hili hupata nafuu kwa dawa za steroidi wanazoandikiwa na daktari, japo uvimbe unaweza kurudi wakatibiwa tena.

Kwa wajawazito wenyewe, miguu kuvimba miezi ya mwisho ni kawaida sana, maana uzito wa mimba unabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Kinachotakiwa kumwondoa mama nyumbani siku hiyohiyo ni uso na mikono kuvimba ghafla mpaka pete haitoki, kichwa kuuma kusikotulia, macho kuona ukungu au nyota, au maumivu chini ya mbavu. Hapo baada ya wiki ya 20, presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi na protini ikaonekana kwenye mkojo, kuta za mishipa zenyewe zinaumia, na hatua inayofuata inaweza kuwa kifafa cha mimba.

Na lipo tatizo ambalo halionyeshi kishimo chochote mguuni, ingawa maji yanavuja kwa wingi. Dar es Salaam iliona mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Katika dengue kali kuta za kapilari zinaachia kwa siku moja au mbili, na majimaji ya damu yanapita kwenda tumboni na kifuani. Mtego wake ni kwamba jambo hili hutokea homa inaposhuka, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya saba, wakati ambao familia imeshapumua na kusema mtoto amepona. Tumbo likianza kumuuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu, au akilegea na kusinzia wakati homa haipo, ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Kuna namna ya kuzitazama kapilari wakati huo, nayo ni ya kidole gumba pia. Inua mkono wa mtoto usawa wa kifua, bonyeza ukucha wake mpaka uwe mweupe, achia, hesabu. Rangi ya waridi hurudi kwa kawaida ndani ya sekunde mbili. Ikizidi tatu na mikono ikawa ya baridi wakati chumba si cha baridi, damu haifiki mwisho wa njia inavyotakiwa. Mwambie hivyo mhudumu wa mapokezi kwa maneno hayohayo, kabla ya kuandikisha jina na kukaa kwenye benchi.